Lugha ya Tovuti za Wafanyabiashara Wadogo: Uhakiki kwa Mfano wa Gungu, Kigoma

Biashara huanza kuwa mazungumzo kabla haijawa mabadilishano ya mali na fedha. Mwenye mali hunadi, mwenye fedha huuliza, na baina yao lugha ndiyo dalali wa kwanza. Jambo hili lilijulikana zamani katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Ujiji ulikuwa soko la misafara katika karne ya 19, miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Kiswahili kiliingia huko pamoja na wachukuzi na wachuuzi, pasipo mwalimu wala kitabu cha sarufi, kikawa lugha ambayo Waha, Wamanyema, watu wa pwani na watu wa ng'ambo ya ziwa waliweza kupatana bei kwayo. Ni ajabu, basi, kwamba mrithi wa soko hilo anapotaka leo kufungua duka katika intaneti, aghalabu huanza kwa kuiacha lugha iliyowauzia babu zake mali. Ama huandika Kiingereza ambacho wanunuzi wake wengi hawakitumii katika kununua, ama huandika Kiswahili ambacho hakuna mtu aliyepata kukisema.

Makala haya yanahakiki Kiswahili hicho cha pili. Kata ya Gungu, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu mfanyabiashara wa huko ana mali yenye sifa nchini kote, yaani dagaa, migebuka na mawese, ilhali wanunuzi wake wengi wako mbali, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia ya reli. Mtu wa hali hiyo ana haja ya kweli ya kusema na asiowaona. Dai la makala ni kwamba tovuti ya mfanyabiashara mdogo hufaulu au huanguka kwa lugha yake kwanza. Rangi, picha na ufundi mwingine ni watumishi wa lugha hiyo. Kipimo kitakachotumiwa ni chepesi: je, ukurasa unajibu maswali ambayo mnunuzi angeuliza sokoni, tena kwa maneno ambayo angeyatumia yeye?

Huenda ikasemwa kwamba mfanyabiashara mdogo hana haja ya tovuti, maadamu ana WhatsApp na Instagram. Hoja hii ina uzito, kwani wauzaji wengi hutumia njia hizo na wanunuzi wamezizoea. Walakini tangazo linalowekwa katika hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na picha ya Instagram huzikwa chini ya picha za siku zinazofuata. Tovuti ni nyumba yenye mlango unaojulikana. Mnunuzi asiyemjua muuzaji huufikia mlango huo kwa kuandika neno katika mtambo wa kutafutia; na neno hilo, kama itakavyoonekana, ndilo kiini cha jambo lote.

MFANO WA KWANZA

Maneno yafuatayo yametungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini msomaji atayatambua, maana kurasa nyingi zimeshonwa kwa kitambaa hicho hicho:

"Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa bidhaa bora za samaki kwa ajili ya mahitaji yako. Timu yetu yenye shauku imejitolea kukupa wewe uzoefu wa kipekee. Bonyeza hapa ili kujifunza zaidi kuhusu sisi."

Sarufi ya maneno haya haina kosa kubwa. Mwalimu wa shule angeweza kuyapitisha. Kosa lake liko ndani zaidi, katika mifupa: ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Yafaa kila kiungo kitazamwe peke yake.

Neno "karibu" katika Kiswahili ni jibu la "hodi", na halisimami peke yake. Mgeni akishakaribishwa hupewa kiti, kisha huulizwa habari na haja yake. Ukurasa unaosema "karibu" halafu ukaanza kujisifu umemwacha mgeni amesimama mlangoni huku mwenyeji akihesabu nishani zake.

"Sisi ni kampuni inayoongoza" ni dai lisilo na kipimo. Inaongoza nini, na nani wanafuata? Katika Kiswahili cha kawaida aongozaye ana wafuasi wanaoonekana. Fauka ya hayo, mwenye duka moja la Gungu, anayesaidiwa na mkewe na kijana mmoja, hujiita kampuni na "timu" kwa sababu kielelezo alichokinakili kiliandikiwa watu wa namna nyingine. Hivyo ukurasa unaficha lile ambalo lingemvuta mnunuzi, kwamba mwenye mali ndiye anayechagua dagaa kwa mkono wake mwenyewe.

Neno "shauku" lina historia ya heshima katika ushairi. Ni hamu inayomsumbua apendaye. Kumsifu muuza samaki kwa shauku ni kumpa vazi la arusi aende nalo mwaloni. Neno "uzoefu" linaharibika vibaya zaidi. Linatokana na kuzoea, na maana yake ni maarifa yanayomkaa mtu kwa kufanya kazi muda mrefu. Uzoefu ni wa fundi. Hawezi kumkabidhi mteja kama anavyomkabidhi mzigo. Tafsiri ya neno kwa neno imelihamisha neno hili kutoka kwa mtendaji kwenda kwa mtendewa, na matokeo yake ni sentensi inayosikika vizuri lakini haisemi kitu.

"Kukupa wewe" ni ushahidi wa wazi wa asili ya sentensi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendwa ndani yake. Kiambishi -ku- kimekwisha kusema yote. Mzungumzaji anapoongeza "wewe", anakusudia kutenga: nakupa wewe, simpi mwenzako. Ukurasa unaowaambia watu elfu moja "kukupa wewe" umetumia mkazo mahali pasipo na ubaguzi. Kadhalika "kuhusu sisi" ni kichwa kigumu ambapo "Sisi ni nani" au "Mwenye duka" kingetosha.

Mwisho, "kujifunza zaidi" ni kazi ya mwanafunzi. Mnunuzi hataki kujifunza. Anataka kujua bei. "Bonyeza hapa" ni maneno yaliyokwisha zoeleka na hayana dhambi, isipokuwa kwamba "hapa" halimwambii mtu atakachokuta. "Tazama bei ya leo" lingekuwa bora, kwa kuwa limetaja kilicho nyuma ya mlango.

Haki inadai isemwe pia kwamba si kila tafsiri imeshindwa. "Kikapu", kwa maana ya mahali ambapo mnunuzi wa intaneti hukusanya alivyovichagua, ni neno lenye bahati. Mnunuzi wa Kiswahili huenda sokoni na kikapu, na taswira hiyo imepita kutoka soko la mchanga hadi soko la kioo pasipo kuvunjika. Tofauti ya "kikapu" na "uzoefu wa kipekee" ni kwamba la kwanza lilikuta maisha yakilisubiri, la pili likaletwa likatafutiwa maisha.

MFANO WA PILI

Mfano huu nao umetungwa:

"Dagaa wa Kigoma, wakavu, waliokaushwa kwenye chanja. Hawana mchanga. Tunauza kwa kilo na kwa gunia. Duka liko Gungu, Kigoma. Mzigo wa Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza tunautuma kwa basi. Nauli ya mzigo analipa mnunuzi. Bei ya leo iko hapa chini pamoja na tarehe. Piga simu kabla ya kulipa."

Hakuna sifa hata moja katika maneno haya isiyoweza kuchunguzwa. Kila sentensi ni jibu la swali ambalo husikika sokoni: hawa ni dagaa wa wapi? Wana mchanga? Unauzaje? Nitaupataje mzigo? Lile la mchanga ndilo lenye nguvu kuliko yote. Dagaa wengi wa ziwa hili wamekaushwa kwa desturi kwa kutandazwa mchangani juani, na mpishi wa mjini anajua taabu ya kuwaosha mara tatu na bado kusikia mchanga menoni. Kwa hiyo sentensi "Hawana mchanga", yenye maneno mawili tu, inauza kuliko aya nzima ya ubora. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfano wa kwanza unajitembeza. Wa pili umeketi nyuma ya meza yake na mali iko mbele.

Ufupi huu una sababu nyingine ya kimwili. Mnunuzi husoma kwa simu, kwenye kioo kisichozidi upana wa kiganja, pengine akiwa ndani ya daladala, kwa bando alilolinunua la siku moja. Ukurasa wenye picha nzito kumi humla bando kabla haujamwonyesha dagaa. Picha mbili nyepesi, zilizopigwa mchana, moja ya dagaa kiganjani na moja ya gunia lililofungwa, hutosha kuthibitisha maneno.

JINA LA MALI NA JINA LA DUKA

Mtambo wa kutafutia hufanya kazi yake kwa kuanzia maneno: maneno ya mtafutaji hulinganishwa na maneno yaliyomo katika kurasa. Mwandishi aliyeandika "bidhaa bora za samaki" amejificha, kwa sababu ni vigumu kumfikiria mtu mwenye njaa akitafuta "bidhaa za samaki". Hutafutwa "dagaa wa Kigoma". Neno "dagaa" peke yake halitoshi, kwa kuwa ni jina la jumla: pwani ni samaki wadogo wa bahari, Mwanza ni wa Ziwa Viktoria, Kigoma ni wa Tanganyika, nao hawafanani kwa umbo, kwa ladha wala kwa bei. Nyongeza "wa Kigoma" ndiyo inayoligeuza jina la jumla kuwa jina la mali.

Hapa elimu ya lahaja inaingia dukani. Samaki huyo huyo wa Tanganyika huitwa indagala Burundi, na ndagala au ndakala ng'ambo ya pili, katika Kongo. Zambia huitwa kapenta. Mgebuka wa Kigoma ni mukeke wa Bujumbura. Mfanyabiashara wa Gungu anayetaka mnunuzi wa Rumonge au Uvira hana budi kuyaweka majina hayo ukurasani, katika sentensi ya kawaida, kwa mfano: "dagaa wa Kigoma, ambao jirani zetu huwaita ndagala". Lakini uaminifu una mpaka. Omena wa Kenya na mukene wa Uganda ni samaki wa Ziwa Viktoria. Kuwaandika kama majina mengine ya dagaa wa Kigoma, ili kumnasa mtafutaji wa Kisumu au Kampala, ni kuuza kwa jina la uongo. Mafuta nayo yana somo lake: mawese hutoka katika nyama ya chikichi, mafuta ya mise hutoka katika kokwa. Ukurasa unaoandika "mafuta ya asili ya mchikichi" umechanganya vitu viwili ambavyo kila mama wa Ujiji anavitenga.

Jina la duka lenyewe latakiwa liandikike na yeyote aliyelisikia mara moja kwa simu. Kiswahili kina fadhila kubwa katika jambo hili, kwani huandikwa kama kinavyotamkwa. Jina la Kiingereza lililotamkwa Kigoma na kuandikwa Tabora hufika limevunjika, na herufi moja ikikosewa mgeni hupelekwa nyumba nyingine. Istilahi ya jina hilo la intaneti, yaani "kikoa", ina historia ya kufundisha. Zamani kikoa kilikuwa chakula cha ushirika, kila mlaji akileta au akiandaa kwa zamu yake. Kikoa kinachoishia kwa .co.tz humketisha muuzaji penye sinia ya Watanzania wenzake, na mnunuzi hutambua mara moja mali inatoka nchi gani.

BEI, TAREHE NA MWEZI MCHANGA

Kurasa nyingi husema "bei nafuu" kisha hunyamaza. Wenye kuandika hivyo hujitetea kwamba desturi ya soko ni kupatana. Ni kweli kwamba sokoni kutotaja bei hufungua mazungumzo: mnunuzi huuliza, hujibiwa, naye huongeza lile swali la "mwisho ngapi?" Lakini hayo huwezekana kwa sababu nyuso mbili zimekabiliana na hakuna gharama ya kuuliza. Katika ukurasa usio na uso, ukimya hufunga. Msomaji hukisia kwamba bei ni kubwa, akaondoka. Mwenye kutaka kupatana aandike bei, kisha aongeze "maelewano yapo", maneno ambayo kila mnunuzi wa Tanzania anayafahamu.

Bei ya dagaa, hata hivyo, haisimami. Wavuvi hutega usiku kwa taa. Usiku wa mbalamwezi taa hukosa nguvu ya kuwavuta samaki, mavuno hupungua na bei hupanda. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika ziwa zilisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ukurasa ulioandikwa Aprili na kuachwa vile vile hadi Julai ulikuwa ukisema uongo kwa miezi miwili bila mwenyewe kukusudia. Kwa hiyo tarehe ni sehemu ya sentensi ya bei. "Kilo moja ni shilingi kadha wa kadha" ni nusu ya habari. "Leo, tarehe fulani" ndiyo nusu iliyobaki. Mwenye tovuti asiyeweza kubadili bei kila wiki aeleze kanuni yake: mwezi ukiwa mpevu bei hupanda, giza likirudi hushuka. Maelezo kama hayo humfundisha mnunuzi lini anunue, na mtu aliyefundishwa hurudi.

FEDHA NA IMANI

Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, Kiswahili kimezaa msamiati wa malipo ambao hakuna kamati iliyoutunga: wakala, lipa namba, "tuma na ya kutolea". Maneno hayo ni mafupi na kamili. Ni jambo la kusikitisha kumwona muuzaji anayeyatumia kinywani kutwa akiyaacha anapoandika, akachagua "chaguo za malipo zinazopatikana".

Lakini simu hiyo hiyo imezaa hofu. Ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umemfikia karibu kila mwenye simu, umekuwa hata mzaha wa mitaani. Msomaji wa tovuti ya Gungu anaifungua akiwa na ujumbe huo moyoni. Neno "uaminifu" likiandikwa mara kumi halitamtoa hofu. Itamtoa sentensi moja ya kazi: "Ukilipa, jina litakalotokea kwenye simu yako ni hili", likifuatiwa na jina la biashara lililosajiliwa. Itamtoa pia anwani inayosemwa kama watu wanavyoelekezana, kwa msikiti, shule au kituo kilicho mkabala na duka, pamoja na jina la mtaa. Na ikiwa ukurasa unakusanya majina na namba za watu, heshima, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zadai waambiwe namba hizo ni za nini.

Namna ya kumwita mnunuzi nayo huathiri imani. "Mpendwa mteja" ni maneno yaliyoenezwa na jumbe za makampuni makubwa, na msikilizaji amekwisha yahusisha na salio lililokwisha. Muuzaji wa Kigoma husema "ndugu", "mama", "mzee", "karibuni". Wingi wa "karibuni" unafaa ukurasa kuliko umoja, kwa kuwa hauigizi ukaribu usiokuwapo, nao haumbagui yeyote.

LUGHA NYINGINE

Haya yote hayana maana kwamba Kiingereza kifukuzwe. Mwenye nyumba ya wageni anayewapokea watalii wa Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, angejidhuru kwa kuandika Kiswahili peke yake. Anayeuza ng'ambo, kwa wenye maduka wa Kalemie, huenda akahitaji Kifaransa. Kanuni ni ile ile: lugha ya ukurasa ni lugha ya mnunuzi. Kinachokosolewa ni Kiingereza kinachowekwa kwa ajili ya fahari, mbele ya mnunuzi wa Manzese ambaye angeagiza gunia kama angeelewa nauli analipa nani. Wala upungufu wa maneno si udhuru tena. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, katika kazi iliyowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na tangu hapo msamiati wa kompyuta umezidi kupanuka.

HUKUMU

Mizani ikiinuliwa, lawama haiwezi kumwangukia mfanyabiashara peke yake. Yeye alipewa kielelezo tupu chenye nafasi za kujazwa, nafasi hizo zikiwa na majina yaliyotafsiriwa, akazijaza kwa adabu kama mtu ajazavyo fomu ya serikali. Siku hizi mitambo ya kutafsiri humjazia hata hizo. Hatari iliyopo inapita hasara ya duka moja. Vijana wengi husoma Kiswahili kwenye simu kuliko mahali pengine popote. Wakikutana humo na "uzoefu wa kipekee" na "kukupa wewe" kila siku, hicho ndicho kitakuwa Kiswahili rasmi machoni pao, na lugha ya soko la Ujiji, iliyofanya kazi hii kabla ya reli, itahesabiwa kuwa ya washamba.

Wanaisimu wamezoea kukusanya methali, nyimbo na hadithi, na wamefanya vema. Lugha ya kuuza na kununua imekusanywa kwa uchache. Maswali ya wanunuzi wa Kibirizi na Mwanga, majibu ya wauzaji, vipimo kama kisado, ndoo na dumu, namna ya kukataa bei bila kumvunjia mtu heshima: hiyo ndiyo akiba ambayo kielelezo cha tovuti ya Kiswahili kingejengwa juu yake. Kazi hiyo ni ya vyuo na taasisi za lugha. Muuza dagaa wa Gungu hahitaji kufundishwa kuuza. Anahitaji ukurasa ambao nafasi zake za kujazwa zinauliza yale ambayo wateja wake humwuliza.